Safu ya Mahudhurio

Aprili, Thunder Bay. Saa tano za usiku.
Theluji inayeyuka, inatapika glovu zilizopotea,
nami, Maarit Koskela, mwalimu wa Misingi ya Biashara,
nahesabu watu kama mwenye duka ahesabuvyo soda.

Mahudhurio: kumi kwa mia.
Kazi ya kikundi: ishirini.
Sheria niliiandika mwenyewe mwezi wa Agosti,
barafu ikiwa ndani ya glasi yangu tu:
Atakayekosa vipindi zaidi ya vinne
atapoteza alama zote za safu hii.
Hakuna udhuru usio na karatasi.
Niliipenda sentensi ile. Fupi, imenyooka,
kama rula ambayo haijawahi kupima mguu wa mtu.

Kikundi cha tatu. Walibuni kampuni
ya kuamsha magari yaliyokufa kwa baridi.

Brock Tessier hakukosa hata siku moja.
Vipindi ishirini na sita, vema ishirini na sita,
kiti kilekile, karibu na soketi,
simu ikinyonya umeme naye akinyonya simu.
Mchango wake, kwa ushahidi wa wenzake:
alichagua rangi ya jalada. Buluu.
Halafu akaibadilisha. Buluu nyingine.

Waylon Michano amekosa saba.

Kidole kimoja, husemwa, hakivunji chawa.
Sawa. Lakini nani aliwahi kuuliza
ni kidole kipi kilichokuwa na ukucha?

Nafungua fomu za siri,
zile ambazo kila mmoja humpima mwenzake, moja hadi tano.
Gurnoor: Hesabu zote za gharama ni za Waylon,
huzituma saa kumi za alfajiri. Brock ni mtu mzuri.
(Huyo "mtu mzuri" nimemsoma mara mbili.
Ndivyo tunavyowasema marehemu tusiowadai.)
Odile: Waylon tano. Ningempa sita, fomu imekataa.
Brock amegawa tano kwa wote, pamoja na nafsi yake,
kwa sekunde arobaini; mashine haifichi kitu.
Waylon amejipa moja.
Sababu: Sikuwepo.

Ningeishia hapo. Sheria haina kigugumizi.
Ila tarehe zilinikwama kama mwiba wa samaki.
Januari tisa.
Januari tisa theluji ilifika magotini,
nami niliingia darasani saa mbili kamili,
nikawatania: mnaona, barabara imefunguka,
leo hakuna wa kunidanganya.
Tukaisifu manispaa. Tukaendelea na faida na hasara.
Januari kumi na saba: theluji.
Februari mbili, tatu, na ile ya kumi na nne
ambapo Odile alileta biskuti zenye umbo la moyo:
theluji, theluji, theluji.

Nikaitafuta fomu ya wiki ya kwanza,
"Jitambulishe", ambayo huikusanya kila muhula
na kuihifadhi bila kuisoma.
Mwandiko wa penseli, umelala upande:
Kazi: dereva wa greda la theluji, mji wote wa kusini.
Zamu: wakiniita.

Siku saba hizo sote tulikuwepo.
Brock alikuwepo, na soketi yake.
Mimi nilikuwepo, buti zangu kavu.

Nimeandika sifuri. Nimefuta.
Nimeandika kumi. Nimefuta pia;
kumi ya Brock imesimama juu yake, halali,
na sina kosa la kumwandikia,
alikuja, hata kama hakufika.
Nimeacha wazi. Kompyuta imegoma:
Tafadhali jaza nafasi iliyobaki.

Basi nimemwandikia mkuu wa idara, Profesa Halvorsen,
naomba ruhusa ya kurekebisha sentensi moja.
Jibu limerudi kabla sijashusha kikombe,
jibu linalojituma lenyewe:
Sitakuwepo ofisini hadi Jumatatu ijayo.

Hakuambatanisha karatasi.